Mwanangu Anaziba Pua Akiona Kijiko

Mshauri, shikamoo. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele kwenye stoo ya shule ninayopikia, wenzangu wako nje wanasugua masufuria na nimewadanganya kwamba nachambua vitunguu, maana sina mahali pengine pa kukaa peke yangu bila mtu kuniuliza mbona macho mekundu. Msaada ninaokuomba sijui kama upo duniani, lakini nisipomwambia mtu nitapasuka, na wewe angalau hunijui sura.

Mimi ni mpishi. Huu ni mwaka wa tisa napikia watoto wa shule, mia nne na ushee kila siku, uji asubuhi na chakula cha mchana, na watoto wale wanakwangua sahani mpaka unaogopa watabandua rangi, wananiita Mama Ukoko kwa sababu wa mwisho kwenye foleni huwa nawakwangulia ukoko wa wali wakagombane nao. Nyumbani nina mtoto mmoja tu, wa kike, miaka mitatu na nusu, na huyo mmoja ndiye niliyeshindwa kumlisha. Majirani wamelifanya utani, wananiambia mganga hajigangi, nami nacheka nao vizuri kabisa halafu naingia ndani nafunga mlango.

Binti yetu tunamwita Chiriku kwa sababu alianza kusema mapema na akishaanza hanyamazi. Alikuwa anakula kama watoto wote. Alipokaribia miaka miwili na nusu, Jumapili moja tulikuwa mezani, mimi na yeye na baba yake ambaye ni fundi wa majokofu, akanyoosha mkono anataka nyama kwenye sahani yangu, nikampa kipande, na sikukikata, Mshauri, mimi ambaye nimeshika kisu tangu niko msichana sikukikata kipande cha nyama cha mtoto, kikamkaba. Baba yake alimlaza kifudifudi juu ya paja akampiga mgongoni mpaka kikatoka, yote haikuzidi dakika moja, akalia kidogo akanyamaza, sisi tukamshukuru Mungu tukaendelea kula. Yeye hakuendelea.

Kuanzia siku ile alikataa nyama, tukasema sawa, nyama si lazima. Wiki iliyofuata akakataa wali, halafu maharage, halafu yai, halafu hata ndizi aliyokuwa akiililia, kila Jumapili ikija tunahesabu kilichobaki, mpaka tukabaki na maziwa na biskuti, na biskuti yenyewe iwe nzima, ikiwa na ufa au kona imemeguka anaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayesukuma mdudu.

Nimefanya kila kitu. Nimemkimbiza na bakuli chumba hadi chumba, nimemwekea katuni kwenye simu ili akiduwaa nimchomekee kijiko, nimemwahidi pipi, nimemtisha kwa daktari wa sindano, nimemchapa kwa kandambili mara mbili na mara ya pili nililia kuliko yeye. Mlo mmoja ulikuwa unakula saa mbili, uji unapoa naupasha, unapoa naupasha, mpaka unakuwa gundi ya kubandikia mabango. Mama mkwe akatuambia kwenye simu, "Mnamdekeza nyinyi. Hakuna aliyewahi kushindana na njaa akashinda. Mwacheni akae hivyo hivyo, atakuja kuomba mwenyewe." Tukamwacha. Siku moja na nusu, Mshauri. Hakuomba. Alijilaza sakafuni karibu na mlango, shavu kwenye saruji, na nilipoinama kumnyanyua mikono yangu ilikuwa imejiandaa kwa mzigo mzito kuliko ule niliouokota, karibu nipepesuke naye. Nikampa maziwa na biskuti nzima, yakaisha hayo.

Kliniki wakanionyesha kwenye kadi mstari wake, ulikuwa unapanda, ukalala, sasa unashuka. Muuguzi akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamjibu nafagia ofisi. Nilishindwa kutamka kwamba napika.

Hapo ndipo akaja wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, msichana wa miaka ishirini aliyemaliza mafunzo ya ualimu wa chekechea na alikuwa anasubiri kupangiwa kazi. Alikuja kunisaidia mtoto nikiwa kazini. Siku ya kwanza alimtazama tu Chiriku akila biskuti, siku ya pili akaniomba nimnunulie kijiko kidogo cha plastiki. Kijiko kitupu, Mshauri! Wiki nzima alikuwa anakaa naye kwenye mkeka, anakula chakula chake mwenyewe anapiga stori, na mtoto anapewa kijiko kitupu achezee, ajipake, amlishe mwanasesere. Wiki ya pili kijiko kikachovywa kwenye mchuzi wa viazi, ncha tu. Nilimwona ni mjinga. Nilimwambia mume wangu, "Dada yako anamlisha mwanangu hewa." Lakini wiki ya tano nikarudi kutoka kazini mapema, nikasimama dirishani, nikaona mwanangu anafungua mdomo. Viazi vilivyopondwa, kijiko kimoja, akameza, kijiko cha pili, akameza, na huku anahadithia paka wa jirani. Nilikimbilia ndani nikapiga magoti mkekani nikasema, "Mwanangu, na mama naye akulishe?" Akafunga mdomo. Akatambaa akaingia chini ya meza.

Wifi yangu alinifuata jikoni baadaye, akazungumza kwa upole sana, macho chini. "Wifi, nisamehe kwa nitakalosema. Siku chache tu, wakati wa kula usikae karibu. Akikuona anajikaza mwili mzima. Si kwamba hakupendi, anakumbuka tu."

Nikamwambia, "Huyu mtoto amezaliwa na nani, wewe au mimi?"

Akasema, "Na wewe, wifi."

"Basi."

Sikulala vizuri siku zile. Kila nikirudi naambiwa leo kala vijiko sita, leo kala nane, baba yake anamsifu mdogo wake, "Huyu mwalimu wetu kiboko," na mimi natabasamu huku nahisi nachomwa. Nilitaka nione mwenyewe. Nilitaka siku moja mume wangu arudi nimwambie leo kala na mimi.

Ikafika Jumamosi. Mume wangu alikuwa kazini, wifi yangu alikwenda kufuatilia karatasi za kazi yake. Nikaponda wali na maharage, nikaweka mafuta kidogo, chakula kizuri kabisa. Akakataa. Nikabembeleza, akakataa, akasema, "Namtaka shangazi." Mshauri, neno hilo ndilo lililonipanda kichwani. Nilimfunga shuka mikono ndani, nikambana katikati ya magoti yangu, nikamziba pua kwa vidole viwili, na alipofungua mdomo kutafuta pumzi nikatia kijiko, nikatia kingine, nikatia cha tatu. Nilikuwa namwambia, "Umeona? Umeona kumbe unaweza?" Cha tatu kikaenda njia isiyo yake. Alikohoa mara moja, kisha hakukohoa tena, midomo ikawa rangi ya majivu, macho yakanitazama mimi.

Wakati ule ule mlango ukafunguliwa, wifi yangu anarudi. Alitupa mkoba chini, akamchukua, akamlaza akampiga mgongoni mpaka kikatoka kiasi, akakimbia naye barabarani bila viatu mpaka kituo cha afya, mimi nyuma yake. Wakampa hewa, wakasema chakula kimeingia mapafuni, wakatuhamishia hospitali kubwa. Pale mapokezi daktari akauliza, "Nani alikuwa anamlisha?" Mtoto alikuwa mikononi mwa wifi yangu, nguo yake imejaa wali. Aligeuka akaniangalia, akanisubiri niseme. Na mume wangu ndiyo kwanza anaingia na begi lake la vifaa anahema, na mimi nikasema, "Tulimwachia huyu."

Hakukana. Sijui kwa nini hakukana. Aliniangalia tu, akamkabidhi mtoto kwa muuguzi taratibu, akasimama ukutani. Mume wangu alimfokea pale kwenye korido mbele ya watu wote, maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyatamka, akamwambia, "Urudi kwa mama leo hii, na usikanyage kwangu tena. Nikigundua ulifanya kusudi, undugu umekwisha." Jioni alifungasha. Nilikuta ameacha karatasi juu ya meza, nyuma ya ukurasa wa kalenda, ameandika kwa mwandiko wa mwalimu: anza na kijiko kitupu, viazi viwe laini visiwe na bonge, dakika kumi na tano halafu uondoe bakuli bila kusema neno, akigeuza uso usimfuate, akionja msifu kwa sauti ndogo. Na mwishoni akaandika, "Anapenda kusikia habari za watoto wa shuleni kwako wanaogombania ukoko. Mhadithie." Baada ya niliyomfanyia!

Chiriku alikaa hospitali siku tisa, mapafu yakapona. Tumerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Hali kitu. Biskuti hataki, maziwa anakunywa mafunda machache akiwa na usingizi. Niliifuata karatasi ile neno kwa neno, nikashika kijiko cha plastiki kitupu, na mwanangu alipokiona alinyanyua mikono yote miwili akaziba pua yake. Hakulia. Aliziba pua akaningoja nimalize. Na kusema pia ameacha, siku nzima maneno matatu manne. Daktari amesema uzito ukishuka tena atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani.

Mume wangu hajui. Usiku anamshika mtoto anasema, "Yule msichana ametuharibia mwanetu," na mimi naitikia. Nikisema, nitampoteza mume. Nisiposema, sijui kama huyu ninayemwona kwenye kioo ataweza kuishi nami. Wakati mwingine nafikiri nimpeleke mtoto kwa mama mkwe halafu mimi niondoke kabisa, kwa sababu naona adui wa mtoto huyu ni mimi. Niambie nifanye nini. Ukiniambia nyamaza, nitanyamaza. Namba yangu nimeiandika nyuma, barua ukitaka kuichapa chapa, ila jina usiweke.

Wako,
Mama Ukoko

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama Ukoko, marahaba.

Wasomaji hawajui yaliyotokea tangu uandike, kwa hiyo niwaeleze kwanza. Barua hii haikungoja zamu yake. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka kumi na saba kabla sijakalia kiti hiki, na niliposoma mtoto wa miaka mitatu na nusu anaishi kwa mafunda ya maziwa nilichukua simu. Hukupokea mara tatu. Mara ya nne ulipokea ukiwa wodini, Chiriku amelazwa tangu jana yake, na mpira umeshapita. Ulichoniambia ukilia ni kwamba alipowaona wauguzi wanakuja aliziba pua, wakamshika mikono wakaitoa, wakaupitisha hapo hapo alipokuwa anapalinda. Sina maneno ya kukufariji kwa hilo na sikuyatafuta. Nilikuacha ulie mpaka ukamaliza.

Kisha nilikuambia sichapi barua hii mpaka mumeo ayasikie kwa mdomo wako, kwa sababu mwanamume hastahili kusomewa habari za nyumba yake na vijana wa karakana. Ukasema, "Ataniacha." Nikakujibu, "Huenda." Ulitaka nikuambie hatakuacha, mimi siuzi maneno ya namna hiyo. Ukamwambia Ijumaa, kwenye benchi la nje ya wodi. Hakukupiga, hakufoka. Alichukua begi lake la vifaa akaondoka, siku mbili hakuonekana, siku ya tatu akaja na mdogo wake, kila mmoja anatazama upande wake kama watu wasiojuana. Sasa analala karakana kwa mwenzake, anakuja kumwona mtoto saa ambazo wewe hupo. Wifi yako anakuja kila siku. Anakusalimu, unaitikia, hakuna zaidi. Hivyo ndivyo mambo yalivyo ninapoandika, na sitayapaka rangi.

Sasa tuseme, na uvumilie, maana nitakugusa penye kidonda.

Kipande cha nyama ni ajali. Ukibebe kama ajali, usikibebe kama dhambi, kila mzazi aliyewahi kula na mtoto ana kipande chake ambacho kwa bahati hakikukaba. Kandambili na katuni na saa mbili za uji ni ujinga wa mtu anayeogopa, na huo nimeuona kwa mama wengi, wakiwemo wake wa madaktari. Lakini Jumamosi ile hukuwa unaogopa. Mtoto alikuwa anakula vijiko nane kwa siku! Mtoto alikuwa anapona, na wewe ulitaka apone mkononi mwako au asipone. Katika barua nzima hukuandika neno wivu hata mara moja. Liandike. Lisome. Mpishi wa watu mia nne aliona aibu kwamba binti wa juzi na kijiko cha plastiki amemshinda, ukamlipa kwa kumvika kosa lako mbele ya kaka yake. Alinyamaza kwa nini? Nilimuuliza, kwa sababu nimezungumza naye pia. Alisema, "Mtoto alikuwa anakufa, ningeanzaje kugombana na mama yake?" Hilo tu. Ulikaa na mtu wa namna hiyo nyumba moja ukamwona mjinga.

Nimekukaripia, yatosha. Hiyo habari ya kuondoka ifute kichwani leo. Mtoto huyu ameshapoteza chakula, amepoteza maneno, na amewahi kumpoteza shangazi bila maelezo. Ukiondoka atajua tu kwamba akikataa kula watu wanatoweka. Na ile sauti inayokuambia kwamba wewe ni adui wa mwanao, mpelekee muuguzi mkuu wa wodi kesho asubuhi, umwambie kama ulivyoniambia mimi, usikae nayo peke yako stoo juu ya magunia. Wodi zinazolaza watoto zinawajua mama wa aina yako. Hutakuwa wa kwanza kulia pale.

Mpira wa puani si adhabu wala si kushindwa. Unampa mwili chakula ili mezani pasiwe na vita, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile hakuna mtu anayelazimika kumwingiza kitu mdomoni ili aishi. Kiasi na saa za kumlisha kwa mpira ni za daktari, usipunguze kwa siri ukitumaini njaa itamsukuma. Mama mkwe wako nimemsikia, na maneno yake yanafaa kwa mtoto mtukutu aliyechezea chakula mchana, si kwa mtoto ambaye koo lake linajua kwamba chakula ni kifo. Mtoto huyo njaa haimwambii ale, inamwambia alale. Mwambie hivyo, kwa heshima, na simu ukate. Pia muombe daktari apime umezaji wake kabla hamjaanza tena chochote, kwa sababu baada ya mapafu kuingiwa ni lazima ijulikane kwamba njia iko salama. Umuulize kama hospitali ina mtu anayeshughulika na watoto wanaokataa kula. Akiwepo, yeye ndiye wa kumfuata, na mimi na gazeti langu tukae pembeni.

Daktari akiruhusu, alishwe na mtu mmoja, na mtu huyo ni wifi yako, amekubali. Mwanzo ni pale pale alipoanzia, kijiko kitupu, hata kama itabidi kijiko kikae mezani wiki mbili bila kuguswa na mtu. Saa za kula ziwe zile zile kila siku, dakika kumi na tano, ishirini zikizidi, kisha bakuli liondoke bila lawama. Akigeuza uso, mlishaji anatazama chakula chake mwenyewe. Akikigusa kijiko, akikinusa, akikilamba, anasikia neno moja zuri, linatosha, msimpigie makofi kama ameshinda mbio mkamtia hofu. Simu izimwe. Pipi zisiahidiwe. Wageni wasiitwe waje kuona muujiza. Akilamba leo kesho akakataa, kesho kutwa mnaanza tena hatua moja nyuma, na mnaandika kwenye daftari, ili mwezi ukiisha msione giza tupu pale ambapo kuna vijiko viwili vya ziada.

Kuhusu mumeo, usimtumie wazee, usimtumie machozi, usimpigie usiku kumwambia mtoto anamlilia baba wakati mtoto hasemi. Mtumie uzito wa mtoto kila unapopimwa, ujumbe mfupi, namba tupu. Akiuliza swali, jibu swali hilo. Huenda atarudi, huenda hatarudi, na vyovyote atakavyoamua mtoto atahitaji kulishwa saa ile ile. Na wifi yako hukumwomba msamaha bado, nimeambiwa, unangoja yeye aanze kuzungumza. Kwa nini aanze yeye? Mwombe kesho, mbele ya kaka yake na mama yake, kama ulivyomsingizia mbele ya watu, umsafishe mbele ya watu. Umwambie ni nani aliyeshika pua. Usiongeze "lakini."

Na wewe mwenyewe. Wakati wa chakula cha Chiriku hukai karibu naye, hilo binti yule alikuambia mapema na alikuwa sahihi. Unakaa upande wa pili wa chumba, mbali kiasi kwamba mkono wako haumfikii, na yeye akikutazama aone haumfikii. Una sahani yako. Unakula, kweli kweli, maana sauti yako kwenye simu ni ya mtu ambaye hajala siku nyingi. Humtazami, humsemeshi kuhusu chakula, huulizi kala vingapi. Zikiisha dakika zake, unaweza kumbeba, kumwogesha, kumsimulia unachotaka, mikono yako iwe ya kila kitu kingine duniani isipokuwa hicho kimoja. Utafanya hivyo miezi, huenda mwaka, na kuna siku nyingi utakaa pale ukisikia anacheka na mwingine, na itakuuma, na utaendelea kutafuna.

Kijiko usikiguse. Siku atakayokuja nacho mwenyewe akakuwekea mkononi, kipokee, na usifanye haraka. Hata isipofika siku hiyo, mtoto atakuwa amekula.